Nani Alimpa Luka Kuku?

Wanafunzi wangu hulalamika kwamba naweza kukaa wiki nzima juu ya kiunganishi kimoja. Wana haki. Ndiyo maana wanashangaa tukifika kwenye bustani ya mizeituni, maana pale nakwenda mbio. Mstari wa Luka unaosema wanafunzi wa Yesu walikuwa wamelala kwa huzuni nausoma mara moja, nauliza kama kuna swali, na kabla mtu hajainua mkono nimekwisha kufuta ubao. Nimefundisha watu jinsi ya kusoma Injili kwa muda mrefu kuliko umri wao, na mstari huo bado unanitia aibu. Luka hana kosa. Aibu ni ya nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa karani kwenye ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, kule Kabambare, wakati wa Wabelgiji. Alivaa kaptula nyeupe iliyonyooka, na pasi ya makaa hakumwachia mtu mwingine, hata mama. Siku ya tribinali, yaani siku ya kesi, alikaa kwenye meza ndogo kando ya Mzungu mkubwa wa teritwari. Watu walisimama mbele yao wakasema maneno yao kwa Kiswahili au Kibangubangu, baba akayaandika kwa Kifaransa, na Mzungu akahukumu kwa kile kilichoandikwa. Kesi nyingi zilikuwa za pamba. Serikali tuliiita Leta, neno la Wabelgiji wenyewe la kuita dola, ila kwa masikio yetu lilifaa sana, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusema leta. Kila mwanamume alikuwa na kipande chake cha pamba cha lazima, na ambaye pamba yake iliota majani alipelekwa mbele ya meza ile.

Siku ya tribinali nyumbani tulikula kuku. Nilipokuwa mdogo nilidhani tribinali ni jina la sikukuu, kama Krismasi, tofauti ni kwamba hii ilikuja mara nyingi zaidi. Nilikuwa naiombea ije upesi.

Nilisomea Kasongo, kwenye misheni. Pale mjini watoto wa Waislamu walituchokoza kila tulipokwenda sokoni. Wao walikuwa wanakijua kitabu chao kwa moyo, kimoja, tangu mwanzo hadi mwisho. "Ninyi Injili yenu iko ine," walisema. "Zitapatana lini?" Tuliwatupia maneno mabaya, lakini rohoni nilikuwa naona haya, maana nilikuwa nimejisomea na kugundua kwamba kweli hazipatani. Marko anasema kipofu alikuwa mmoja, na Yesu alikuwa anatoka Yeriko. Luka anasema alikuwa anaingia. Mathayo anasema vipofu walikuwa wawili. Nilimwuliza katekista wetu, akaniambia nisisome sana, nitaharibu macho.

Basi nilipofika seminari kuu na kumpata mwalimu wa Maandiko, nilipona. Alikuwa padri Mzungu mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha. Aliandika Injili tatu ubaoni, moja kando ya nyingine, kwa chaki za rangi, ili tuone wenyewe nani kamfuata nani, nani kaongeza na nani kaacha. Alitufundisha kwamba kabla ya kuandikwa, habari zile zilitembea midomoni mwa watu, vipande vipande, kwenye ibada na kwenye chakula, na kila kipande kilipata umbo la mahali kilipotumika. Kisha tulipaswa kumtazama mwandishi mwenyewe: anaandikia watu gani, anataka waamini nini, na kwa nini hapa kabadili neno. Sikuwa nimewahi kusikia kitu kitamu namna ile. Tofauti zilizonitia haya sokoni Kasongo sasa zilikuwa mali. Nilitamani wale watoto wanione.

Na kulikuwa na kanuni moja niliyoipenda kuliko zote. Mwalimu aliiita kanuni ya aibu. Shahidi, alisema, hupenda kujisifu yeye na watu wake. Basi ukimkuta anasimulia jambo linalomwaibisha yeye mwenyewe au wakubwa wake, tega sikio, maana hakuwa na faida ya kulibuni. Petro kumkana bwana wake. Mitume wote kukimbia: nani angetunga habari hizo kwa ajili ya viongozi wa kanisa lake? Alituonya kwamba kanuni hiyo si mizani ya dukani, usipime kila kitu kwayo. Onyo hilo sikulisikia vizuri. Nilikuwa kijana, nami nilikuwa nimepewa panga jipya.

Likizo moja mupe wa misheni yetu, padri mkuu, alinituma upande wa Wamaza kufundisha makatekista wa vijijini. Nilikwenda kwa baiskeli. Makatekista walikuwa watu wazima, wengine sawa na baba yangu kwa umri, nao waliniita Fratri, ndivyo waseminari tulivyoitwa, na waliinuka nilipoingia. Sitasema kwamba sikufurahi. Tulikaa ndani ya kanisa la udongo, na mama mmoja mjane wa pale kijijini alikuwa anatupikia nje, sombe, yaani kisamvu, na wali. Mlango ulikuwa wazi, naye alisikia kila kitu.

Nilianza kwa kueleza waandishi wa Injili ni watu gani. Nilitafuta mfano ambao kila mtu angeuelewa mara moja, nikaupata, nikafurahi nao sana.

"Luka ni karani," niliwaambia. "Yeye mwenyewe anasema hakuona kwa macho. Aliuliza walioona, akasikiliza, akapanga, akaandika vizuri. Sawa baba yangu kule Kabambare."

Makatekista wakatazamana. Nilidhani wamevutiwa.

Nikaendelea hadi bustanini. Niliwaonyesha kwamba kwa Marko, Yesu anawakuta wanafunzi wake wamelala mara tatu, na hawana la kujibu. Kwa Luka ni mara moja tu, na tena Luka anawawekea sababu: walilala kwa huzuni. Na wale mitume waliokimbia wote kwa Marko, kwa Luka hatuwaoni wakikimbia. Mnaona? nikasema. Luka aliwahurumia. Habari ni ile ile, lakini karani ameilainisha, asiwaaibishe wakubwa wa kanisa.

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Fratri," alisema, "miye niko na ulizo."

"Uliza, mama."

"Huyo Luka, nani alimupa kuku?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani, tena utani mzuri, na nilicheka kwa sauti kubwa mpaka nikasikia kwamba ndani ya kanisa lote nacheka peke yangu.

Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa amekasirika ilikuwa ni hasira ya zamani iliyokwisha kupoa. Alisema taratibu, akitazama mwiko wake. "Mitume walilala, na karani yao akaandika walilala juu ya huzuni. Ni vizuri. Bwana yangu naye alilala. Alilala juu ya homa, pamba ikaota majani. Wakamupeleka ku tribinali, Mzungu akamuuliza, akajibu: nililala. Karani akaandika alilala, basi. Wakamupiga fimbo, wakamutia buloko. Jirani yetu naye alisema neno lile lile, nililala, na yeye wakamuandika mugonjwa, akarudi kwake. Jirani alikuwa amepeleka kuku. Sisi kuku zetu zilikufa na ugonjwa mwaka ule." "Na karani alikuwa baba yako."

Katekista mmoja mzee alimwambia yametosha. Hakuacha. Alisema mumewe alirudi kutoka buloko, gereza la teritwari, akiwa si mtu wa kazi tena, akaishi hivyo, akafa. Lakini kilichomuuma hakikuwa kifo. Kilichomuuma ni kwamba pale kijijini walimpa mumewe jina la Mulalaji. Hata wakati ule wajukuu wake, wakigombana na wenzao mtoni, waliitwa watoto ya Mulalaji.

Aibu ilinishika masikioni kwanza, yakawa ya moto, kisha ikashuka. Mwili wangu mzima ulijua kwamba mama yule anasema kweli. Lakini kichwa changu kilichosoma hakikukubali upesi. Nilijiambia: huyu anamtetea mumewe, ana faida yake, shahidi mwenye faida hupunguziwa uzito. Nilikuwa namweka mjane ubaoni kwa chaki ya rangi ili nimwokoe baba yangu. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naichukia, kwa nini basi mumewe hakusema wazi kwamba alikuwa na homa.

"Ni miye," alisema. "Ni miye nilimuambia aseme maneno mafupi. Nilisema, Mzungu hapendi kelele, jibu neno moja tu. Akanisikia."

Hapo panga langu likanigeukia. Kanuni ya aibu haikuwahi kupata shahidi safi kuliko yule. Nilifunga kitabu, nikasema tutaendelea baada ya Jumapili, nikachukua baiskeli.

Njia nzima nilikuwa nawaona kuku wale. Nilikumbuka mmoja wa madoadoa aliyetukimbia uani, nami nikamkamata, mama akanisifu. Niliwahi hata kumlilia baba siku ya tribinali alipokuja mikono mitupu.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, anapiga pasi. Aliuliza habari za makatekista, nikasema ni wazima. Kisha nikamwuliza juu ya mtu wa Wamaza aliyesema nililala. Nilitumaini hatakumbuka. Kesi zilikuwa nyingi, angeweza kusema hakumbuki, nami ningemwamini kwa furaha.

"Ninamukumbuka," alisema baba. Aligeuza shati. "Niliandika neno lake. Sikuongeza, sikupunguza. Alisema nililala, niliandika alilala. Weye umesoma, mutoto wangu. Nionyeshe uwongo iko wapi."

Nilimwonyesha. Nilimwambia Kifaransa kina neno moja la mtu aliye usingizini na jingine la mgonjwa aliyelala kitandani. Kiswahili chetu kinawaweka wote wawili ndani ya kulala. Kwa hiyo hakuandika neno la yule mtu, maana halikuwepo. Alilazimika kuchagua, naye alichagua. Nilisema hayo kwa adabu yote, nikiita baba kila baada ya maneno machache, na bado yalikuwa maneno ya kutisha kumwambia mzazi.

"Na jirani yake?" nikauliza.

Alipuliza makaa. "Yule nilimuuliza: ulilala juu ya nini? Akasema homa."

"Baba, huyu mwingine kwa nini hukumwuliza?"

Pasi ilikuwa inapoa mkononi mwake.

"Kuku ilinikumbusha kuuliza," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Na paja ulikula weye."

Nilimwamini papo hapo. Nani angebuni jibu kama lile juu yake mwenyewe?

Baada ya Jumapili nilirudi Wamaza. Wakati wote wa safari nilikuwa najitungia maneno ya kulainisha. Ningeweza kusema karani alikuwa amechoka. Ningeweza kusema kesi zilikuwa nyingi, na jua lilikuwa kali. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa kwa huzuni, kama Luka. Lakini mwanamke yule hakuwa ameniomba habari za karani. Alitaka habari za mumewe zisemwe mbele ya watu, na mtu aliyefaa kuzisema ni yule aliyekula paja.

Nilisimama mbele ya makatekista, yeye akiwa mlangoni, na kijiji kizima kilikuwa kimejua kuna jambo, maana madirisha yalijaa vichwa. Nikasema: "Yule mtu alikuwa mgonjwa. Alilala kwa homa. Karani alisikia nililala, hakuuliza kwa nini, akaandika alikuwa usingizini. Karani ni baba yangu, na ameniambia kwa kinywa chake." Nikataka kuongeza kitu juu ya msamaha, badala yake nikafungua kitabu.

Hakuna aliyepiga makofi wala kulia. Katekista mzee alitazama paa. Watu wa madirishani wakaanza kusimuliana. Yule mama alirudi kwenye vyungu vyake, nami nikafundisha mateso ya Yesu vibaya sana, nikichanganya Marko na Mathayo, hadi tukamaliza.

Niliona aibu ya namna mbili kwa wakati mmoja. Niliona aibu ya kuwa mtoto wa mtu yule, na niliona aibu ya kumvua nguo mzazi wangu mbele ya vijiji vya watu, mtu aliyeninunulia viatu na kunifundisha kushika kalamu. Ya pili haikuwa imefuta ya kwanza hata kidogo. Nilidhani nikitenda haki nitajisikia vizuri. Hakuna mtu aliyekuwa ameniahidi hivyo, nilijiahidi mwenyewe.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nafunga mzigo kwenye baiskeli. Kwetu mgeni aliyefundisha haondoki bure. Hupewa kitu cha njiani, na kukataa ni kumwambia mtu kwamba nyumba yake ni chafu. Yule mama alikuja na kuku, jike jeusi, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

Nadhani uso wangu ulisema yote. Nilirudi nyuma hatua moja. "Mama, tafadhali. Hii siwezi."

"Pokea, mutoto yangu," alisema. "Hii haiko ya kuandikwa. Ya kuandikwa imekwisha. Hii iko ya njia."

Nikapokea. Ni yeye aliyemfunga kwenye usukani. Kuku yule alinitazama njia nzima hadi Kabambare.

Habari zilikuwa zimenitangulia. Moniteri mmoja wa pamba, aliyezunguka vijijini kukagua mashamba, alipita Wamaza baada ya somo langu, akafika ofisini kwa baba kabla yangu. Nilijua mara tu nilipoingia uani, kwa namna mama alivyoipokea baiskeli bila kuuliza kitu. Alimchukua kuku, akamchinja, akampika kwa mafuta ya mawese. Hakujua ni wa nani. Siku ile haikuwa siku ya tribinali.

Tuliketi. Baba alikuwa amevaa shati safi. Alinawa mikono, akavuta sahani, kisha akauliza kama alivyouliza mara nyingi maishani mwake, lakini kabla ya jioni ile sikuwahi kusikiliza swali lenyewe.

"Kuku ya nani?"

"Ya muke wa yule aliyelala," nikasema. "Ameitoa ya njia."

Baba alitazama nyama. Akatazama mikono yake iliyokuwa bado na maji, akaifuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo mtu aliyemaliza kula. Akasema hajisikii vizuri. Akainuka, akaingia chumbani, akavuta mlango.

Kesho yake alikwenda kazini, na tangu siku hiyo jambo lile halikutajwa tena nyumbani mwetu. Mama hakuwahi kuniambia kama alimgusa paji la uso akakuta joto. Baba alikufa nikiwa mbali.

Nimejaribu mara nyingi kuiandika jioni ile. Kila nikifika kwenye mlango ule mkono wangu unataka kuongeza yale maneno mawili ya Luka, kwa huzuni, kwa sababu ni baba yangu, na kwa sababu huenda ni kweli. Lakini sijui. Mimi niliyemlaumu kwa kutouliza nilikuwa nimeketi pale, mchuzi unapoa mbele yangu, yeye yuko upande wa pili wa mlango wa mbao, na sikuinuka kwenda kumwuliza: baba, umelala kwa nini? Kwa hiyo naandika nilichokiona, basi. Baba alilala.